Kuomba fedha za serikali kwa jengo la watoto wenye mahitaji maalumu

Ndugu, umeeleza kwamba shule yenu imetakiwa kuandika ombi la fedha za serikali kwa ajili ya jengo la watoto wenye mahitaji maalumu, na unauliza mkadirie vyumba vingapi. Nilikuwa mwalimu wa elimu maalumu na mjumbe wa kamati ya ujenzi kwa miaka sita, na ushauri wangu ni kwamba hesabu ya vyumba muiache hadi mwisho.

Fedha za ujenzi aghalabu hugawanywa kwa kiwango cha gharama kwa kila darasa, na darasa linalokusudiwa ni lile la kawaida, lenye wanafunzi wengi waliokaa kwa safu. Watoto wenu watakuwa wachache, lakini kila mmoja atahitaji nafasi kubwa zaidi, kwa kuwa kiti mwendo hudai uwazi wa takriban mita 1.5 ili kigeuke, mwalimu msaidizi naye anahitaji pa kukaa, na vifaa haviwezi kurundikwa koridoni. Ukitaja idadi ya wanafunzi peke yake, mhasibu ataona watu wanaotaka jengo kubwa kwa watoto 12, na atalikata ombi. Letu lilikatwa nusu.

Mara ya pili tuliandika siku nzima ya mtoto mmoja, tangu anaposhushwa garini asubuhi hadi anapochukuliwa: anapita wapi, anajisaidia wapi, nani humbadilisha nguo na mahali gani, anatulia wapi kelele zinapomzidi. Kila tulipokwama katika maelezo hayo, tulikuwa tumepata kipengele kimoja cha gharama, pamoja na sababu yake. Hata dari la kupunguza mwangwi lilipata utetezi: kifaa cha kusaidia kusikia hukuza mwangwi sawasawa na kinavyokuza sauti ya mwalimu, hivyo chumba chenye kuta tupu na sakafu ngumu humchosha mtoto asiyesikia vizuri kabla ya saa nne.

Jengo letu la kwanza lilikuwa na choo kilichoandikwa kuwa ni cha wenye ulemavu, lakini mlango wake ulifunguka kwa ndani, na kiti mwendo kikishaingia haukuweza kufungika. Msichana wa miaka 13 alikitumia mlango ukiwa wazi kwa muhula mzima, mpaka fundi alipougeuza ufunguke kwa nje, kazi iliyomchukua saa chache. Njia ya mteremko haikuwa na dawa rahisi kama hiyo. Sakafu ilikuwa juu ya ardhi kwa sentimita 60, na uwiano wa kimo kwa urefu unaokubalika sehemu nyingi ni 1 kwa 12, kwa hiyo tulihitaji mita 7.2 za mteremko. Mkandarasi alijenga mita 3, kwa sababu ndiyo nafasi iliyokuwapo kabla ya kuufikia mtaro. Kushusha sakafu kwenye mchoro kungegharimu kidogo sana kuliko kubomoa zege ambalo bomoabomoa yake haikuwamo katika mkataba.

Kama nchi yenu imeridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, tajeni ibara ya 24 kuhusu elimu jumuishi, na ibara ya 9, ambayo inazitaja shule waziwazi katika orodha ya majengo yanayopaswa kuondolewa vikwazo. Nimeona afisa akifuta bila kusita kilichoitwa pendekezo la walimu, kisha akakiacha kilekile kilipoandikwa kuwa ni wajibu wa serikali.

Kumbukeni pia kwamba fungu la maendeleo hujenga tu, halilipi mishahara. Sisi tulipewa chumba kizuri cha mazoezi ya viungo bila mtaalamu wa kukitumia, na baada ya mwaka mmoja kilikuwa stoo ya viti vibovu. Ombi la watumishi liende sambamba na la jengo, hata kama linapelekwa ofisi nyingine.

Mwisho, sehemu ya malipo ya mkandarasi huzuiliwa hadi kasoro zirekebishwe. Kabla ya kusaini iachiliwe, mwombeni mwanafunzi anayetumia kiti mwendo apande mteremko mwenyewe, aingie chooni, afunge mlango, ageuke na kunawa mikono, nanyi mkisubiri nje.