Lebo inaonekana kwenye dirisha, lakini kwenye msimbo ni nil (tupu)

Mkuu, umesema lebo unaiona kwenye dirisha, umeiunganisha na kigezo cha statusLabel ndani ya Xcode (programu ya kuandikia app za Mac, hapa kwa Objective-C), lakini ukiiandikia maneno hayabadiliki na NSLog, amri ya kuchapisha ujumbe, inatoa (null). Waliokushauri ufute ule waya, yaani kiungo cha lebo na msimbo, uuvute upya, sawa, ila nadhani waya wako ni mzima. Tatizo naliona kwenye mstari wa [[StatusController alloc] init] ulioubandika, unaounda obijekti mpya.

Iko hivi. Kile kisanduku cha buluu ulichokipa klasi ya StatusController kwenye faili la nib (linalohifadhi dirisha na vilivyomo) si pambo. Nib ikifunguliwa, obijekti inaundwa kweli na kupewa viungo vyake. Kisha AppDelegate yako, obijekti inayosimamia app nzima, nayo inaunda ya kwake. Sasa unao mapacha: mmoja ameshika lebo, mwingine ndiye unayempa kazi, na hana waya hata mmoja.

Nilirithi programu ya stoo ya duka la vipuri yenye ugonjwa huuhuu. Niliweka NSLog(@"%p", self), inayochapisha anwani ya obijekti kwenye kumbukumbu, ndani ya awakeFromNib (metodi inayoitwa nib ikishafunguliwa), nikaiweka tena kwenye metodi inayobadilisha lebo. Anwani moja ikaishia c40, nyingine 9e0. Kesi kwisha. Nilifuta alloc na init, nikaweka IBOutlet (kigezo kinachopokea waya) ya controller kwenye AppDelegate, nikavuta waya mpaka kwenye kile kisanduku.

Anwani zikilingana, basi unawahi mno. Ndani ya init viungo vyote bado ni nil. Na kama unatumia NSWindowController, klasi ya kusimamia dirisha, hiyo ni mvivu kweli: initWithWindowNibName: haifungui nib mpaka mtu aulizie window. Kazi ya lebo ipeleke windowDidLoad, metodi yake inayoitwa dirisha likishapakiwa. awakeFromNib mimi siiamini kwa hilo, maana ukiwa na jedwali la seli za view na umejitaja kama owner (mmiliki) wa seli hizo, inaweza kuitwa tena kila seli mpya inapoundwa.

Kinachochosha na Objective-C ni kwamba ujumbe kwa nil unamezwa kimya. Swift ingeanguka palepale ukajua. Ndiyo maana naweka NSAssert(self.statusLabel != nil, @"lebo haijaunganishwa") mwanzoni mwa windowDidLoad: inapiga kelele lebo ikiwa nil.

Weka nawe NSLog hizo mbili, uzibandike hapa anwani zake tuzione.