Anti, Krismasi hii ninunue gemu gani ya mezani?

Tangu mwezi wa kumi na moja uanze barua zenu ni zilezile, shule zinafungwa, wageni wanakuja, watu wanatafuta zawadi isiyotaka chaji wala bando. Nimechagua tano za kujibu leo na nimejibu kwa raha kabisa manake hili jambo nalipenda, nimekulia nyumba ambayo umeme ukikatika tu ludo inatolewa, na mpaka leo nikisikia dadu linagonga ubao namkumbuka marehemu mama yangu na kibatari chake.

Anti shikamoo. Nina watoto watatu, wa kwanza ana miaka 12, wa kati 8, mdogo ana 4. Krismasi tunaenda Moshi kwa bibi yao kama kawaida, tutakuwa kama watu kumi nyumba moja. Mwaka jana kila mtu alikuwa na simu yake, bibi akabaki anaongea na TV, iliniuma sana. Nataka gemu moja ambayo wote watacheza. Nimeona Monopoly dukani, ile ya kununua viwanja kwa noti za mchezo, boksi zuri kweli, ninunue? (Mama watatu, Dar)

Marahaba mwanangu. Hiyo ya bibi kuongea na TV imeniuma na mimi.

Boksi zuri liache kwanza. Miaka ya nyuma nilimnunulia mtoto wa dada yangu hiyohiyo Monopoly, alikuwa na miaka 5, nikaifunga vizuri na karatasi ya kung'aa nikaona nimemaliza kazi, kumbe imeandikwa pale kwenye boksi kuanzia miaka 8 na mimi sikusoma. Mtoto akachezea vile vinyumba vya kijani siku mbili, noti zikatapakaa chini ya makochi, boksi likapanda juu ya kabati na halikushuka tena. Gemu yenyewe haikuwa na shida, shida nilinunua bila kujiuliza nani atakaa chini acheze nae. Baba yake anarudi usiku, dada yangu hajui sheria zake, mtoto hajui kusoma, sasa nani angeicheza?

Kwa hiyo wewe usianze na duka, anza na sebule ya bibi. Funga macho uwaone, nani amekaa wapi, nani hasomi Kiingereza, nani macho yameanza kuchoka, nani akifungwa analia. Ukishawaona hivyo jibu linakuja lenyewe, na kwa nyumba yako mimi nasema ludo, ile ya ubao mkubwa ambayo ukiigeuza nyuma kuna nyoka na ngazi. Najua utasema anti hiyo si mpya. Haina haja ya kuwa mpya! Haisomwi, inahesabiwa tu, na bibi anaijua. Ludo ni ya watu wanne ila nyie chezeni wawili wawili, mdogo wa miaka 4 mkalishe na bibi, yeye arushe dadu bibi asogeze kete, utaona wenyewe wanavyonong'onezana kupanga nani wa kumla. Halafu ukigeuza upande wa nyoka na ngazi kuna vyumba 100 vyenye namba, mtoto wa miaka 4 akicheza wiki nzima anarudi Dar anahesabu mpaka mbali bila kufundishwa na mtu.

Ukibakiwa na hela ongeza Jenga. Ile si ya ubao, ni vipande 54 vya mti unapanga vitatu vitatu mpaka ghorofa 18 kisha mnachomoa kimoja kimoja na kukirudisha juu mpaka mnara uanguke. Na jina lake ni la kwetu, aliyeitoa anaitwa Leslie Scott, Mwingereza aliyekulia Afrika Mashariki anaongea Kiswahili, akaichukua kutoka kwenye kujenga, akaanza kuiuza London mwaka 1983. Waambie wanao hilo, watoto wetu wengi wanalitamka kama neno la Kiingereza.

Monopoly si mbaya, ila iwe ya yule wa 12 na wa 8 na wajomba zao, mwaka mwingine. Na siku mkiinunua shikeni sheria moja ambayo familia nyingi zinairuka: mtu akifika kwenye kiwanja kisicho na mwenyewe na hataki kukinunua, kinapigwa mnada palepale. Wengi hawafanyi mnada, ndo maana gemu inachukua masaa manne watu wanasinzia.

Kabla hujatoka dukani fungua boksi uhesabu. Ludo ina kete 16, nne kila rangi, na dadu. Mimi nimeshawahi kufika nyumbani na boksi lina kete za njano tatu na kurudisha ilikuwa vita. Na kama kuna mjukuu wa chini ya miaka 3 hapo kwa bibi, kete zikimaliza kazi ziwekwe juu kabisa, vitu vidogo vile vinaishia mdomoni.

Dada habari za kazi. Baba mkwe wangu kastaafu, yuko Bagamoyo, mume wangu anasema ujana wake alikuwa mchezaji bao hatari. Nataka kumpelekea bao zuri mwaka mpya ila mimi sijui chochote, sijui hata lizuri likoje. (Mkamwana, Kibaha)

Nzuri mdogo wangu, na hongera kwa wazo hili, limetoka moyoni.

Kwanza hesabu mashimo. Kwenye maduka ya kuuzia watalii kuna mbao za mistari miwili yenye mashimo sita sita, nzuri kwa macho, zimechongwa tembo pembeni, hiyo mzee atashukuru kwa adabu ataiweka dirishani. Bao la Kiswahili lina mistari minne, kila mstari mashimo 8, jumla 32, na kwenye mistari miwili ya katikati angalia kuna shimo moja kila upande limechongwa la mraba, lile ndo nyumba. Likikosekana weka chini, endelea kutafuta. Kisha ingiza vidole kwenye mashimo, yanatakiwa yawe na kina cha kutosha kete kumi zikae zisimwagike, manake kwenye nyumba zinajaa kweli. Ukimpata seremala anayechonga mwenyewe muagize, usinunue la haraka.

Kete zake ni 64. Tafuta komwe zenyewe, zile mbegu za mkomwe za kijivu, ngumu, zinateleza kama kokoto la ufukweni. Wengine wanatia gololi au mbegu za plastiki lakini mchezaji wa zamani anasikiliza kwa mkono na sikio, komwe zikidondoka kwenye mbao zina mlio wake, mzee akizishika tu utauona uso wake. Nunua 70, zingine zitapotea.

Sasa la muhimu kuliko ubao. Atacheza na nani? Kama wenzake wa kijiweni wapo, sawa. Kama wengine wameshatangulia, basi zawadi kamili ni mumeo ajifunze, na wewe pia. Anzeni na bao la kujifunza, mnaweka kete mbili mbili kila shimo basi, 32 kwako 32 kwake. Bao la wakubwa kila mtu anaanza na sita kwenye nyumba, mbili mbili kwenye mashimo mawili ya jirani yake, na 22 zinabaki mkononi za kunamua, yani kuziingiza ubaoni, moja moja, hapo ndo akili inapofanya kazi. Ukimmalizia mwenzako kete za mstari wa mbele umemfunga. Msijali kufungwa, mtafungwa sana. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa mpenzi wa bao, huu si mchezo wa watu waliokosa kazi kama wengine wanavyousema, na inaniudhi mno nikisikia vijana wanauita wa wazee. Mwombe baba mkwe akufundishe yeye. Mzee aliyestaafu akiombwa kufundisha anarudi kuwa mtu mwenye kazi.

Dada mpendwa, tuko Toronto mwaka wa tisa sasa. Wanangu wana miaka 14 na 11, Kiswahili wanakielewa ila wanajibu Kiingereza. Nilitaka niwanunulie Scrabble ya Kiswahili, ile ya kupanga vigae vya herufi kutengeneza maneno, sikuipata. Je ile ya Kiingereza inafaa? (Mama wa ughaibuni)

Pole na hongera kwa kutokata tamaa. Inafaa ila lazima uifanyie ufundi kidogo, ukiwapa kama ilivyo watakata tamaa siku ya kwanza na wataamini Kiswahili ndo kigumu.

Angalia, vigae viko 100 lakini vimegawanywa kwa Kiingereza. K iko moja tu! Yani neno kuku hulipati mpaka utumie kigae kitupu, kile kinachosimama badala ya herufi yoyote. Q na X zipo moja moja na sisi hatuna kazi nazo, E zipo 12 ni nyingi kwetu. Basi chukua stika nyeupe ndogo na kalamu, Q na X zigeuze K, E mbili zigeuze K na mbili zingine A, R mbili zigeuze W manake W nazo zipo mbili tu. K ipe pointi moja badala ya tano. Kaeni mfanye wote pamoja mezani, mtoto wa 14 atakuuliza kwa nini A nyingi hivyo, hapo ushaanza kuongea nae lugha.

Halafu mkubaliane kwamba vitenzi vyenye viambishi vinaruhusiwa. Mimi nimeicheza hivi na wapwa zangu na ndo raha yenyewe ilipo: mmoja anaweka kula, anayefuata anaongeza N na A mbele inakuwa nakula, mwingine anatia A inakuwa anakula, wa nne anaidaka na W, wanakula. Herufi moja na umebeba pointi za neno zima. Watoto wanaanza kuvitafuta viambishi kama wanatafuta hela iliyoanguka, kitu ambacho ungewafundisha kwa daftari wangekimbia.

Na kwa kuwa mko wanne hapo na nyie wazazi, ongeza Catan, huko mliko ipo madukani, ilitengenezwa na Mjerumani Klaus Teuber ikatoka mwaka 1995. Ni ya watu watatu mpaka wanne, miaka 10 na kuendelea, mnajenga barabara na vijiji kisiwani na ni vigumu kushinda bila kubadilishana mali na wenzako. Wekeni sharti moja tu, biashara yote ni Kiswahili. Nani ana matofali, nikupe kondoo, mmoja hatoshi niongezee ngano. Ni soko kabisa, na mtu anayetaka matofali anaongea lugha yoyote utakayomdai.

Asalaam aleikum. Nataka kuwapeleka wajukuu zawadi ila mkwe wangu hataki dadu ndani ya nyumba yake, anasema ni mambo ya kamari. Nifanyeje? (Bibi, Tanga)

Waaleikum salaam, shikamoo bibi. Nyumba ni yake, usimpite kwa mlango wa nyuma, mpigie simu umuulize kabla hujanunua, hata kwa gemu isiyo na dadu. Akiridhia mpelekee keram. Haina dadu, ni shabaha ya kidole tu, kete tisa nyeupe, tisa nyeusi na moja nyekundu, mnazisukuma kwenye mashimo manne ya pembeni. Chagua ubao ulionyooka, weka kete katikati uone kama inatembea yenyewe. Na usisahau pauda ya kunyunyiza ubaoni kete ziteleze.

Anti shikamoo. Nimemaliza form four niko nyumbani Mwanza, sina kazi. Mdogo wangu ana miaka 9, sikukuu zote namuahidi zawadi sina hela. Niseme nini safari hii? (Kaka mtu)

Marahaba mwanangu, usimwambie kitu, mtengenezee drafti.

Tafuta kipande cha plywood kwa fundi, hata boksi gumu linafaa, pima na rula mistari upate vyumba 64, nane kwa nane, paka kimoja acha kimoja kwa maka pen nyeusi, taratibu, usiharakishe mistari ikapinda. Kisha pita kwenye maduka ya soda uombe vizibo, unahitaji 24, chagua 12 vya soda moja na 12 vya nyingine ili rangi zitofautiane, vioshe, na vile vilivyokunjwa na opena vinyooshe kwa nyundo juu ya jiwe. Kizibo kikifika mstari wa mwisho wa mwenzako kinakuwa kingi, hapo kinageuzwa tumbo juu. Nyuma ya ubao andika jina lake na mwaka.

Siku ya sikukuu mpe asubuhi, kabla wenzake hawajamwita nje, ukae nae mcheze mpaka chai ipoe.