Ficha aina kwanza, ndipo ufiche parameta

Mdogo wangu unayeanza Scala, lugha ya kuandika programu, hapa Mtwara, ukifika kwenye parameta zisizotajwa (zile usizoziandika mwenyewe unapoita funksheni), usizikimbilie. Anza na aina dhahania, yaani aina inayoficha kilichomo ndani yake. Wengi hujifunza vitu hivi viwili mbalimbali, na ndiyo maana programu zao hufanya mambo wasiyoyatarajia.

Chukua kazi iliyo karibu nasi: programu ya chama cha msingi inayokokotoa malipo ya mkulima wa korosho. Kilo ni namba yenye desimali. Bei vilevile, na makato kwa kilo vilevile. Ukiziacha zote ziwe `Double`, kompaila (programu inayokagua na kutafsiri msimbo wako) itakuruhusu kujumlisha kilo na bei. Katika Scala 3, iliyotoka 2021, andika `opaque type Kilo = Double` ndani ya moduli yake. Humo ndani, Kilo ni namba ya kawaida. Huko nje hakuna ajuaye kilichomo. Zinazoigusa ni funksheni ulizoziandaa wewe tu.

Sasa parameta. Ukiandika `using` mbele ya parameta, unaiagiza kompaila ikutafutie thamani yenyewe, nayo hutafuta kwa aina, si kwa jina. Ndiyo maana `given`, yaani thamani unayoiandaa ili kompaila iipate, ikiwa ya `Double` tupu ni hatari: kila funksheni inayoomba `Double` kwa njia hiyo itaichukua, iwe ilitaka makato au bei. Ipe aina yake, `Makato`, na haitaingia pasipo pake. Ukiiweka ndani ya `object` yenye jina lilelile la aina, iliyo mahali palepale aina ilipoandikwa, kompaila itaiona hata pale usipoiagiza kwa `import`.

Ila si kila kitu kipitishwe kimya. Kanuni ya makato ikiwa ni moja kwa programu nzima, sawa. Bei ya mnada je? Hiyo hubadilika mnada hadi mnada, kwa hiyo itaje waziwazi kila unapoita funksheni, hata ukichoka kuandika. Ukiweka `given` mbili za bei katika bloku moja (kipande kimoja cha msimbo), kompaila itakataa, na hapo umepona. Lakini moja ikiwa kwenye bloku ya ndani, Scala 3 huchukua hiyo ya ndani bila kukuonya, na mkulima wa Tandahimba analipwa kwa bei ya mnada ambao korosho zake hazikuuzwa. Pesa hiyo ndiyo ada ya watoto wake, na ndiyo salfa ya msimu ujao.

Msimbo wa Scala 2 utausoma kwa taratibu zaidi. Humo neno `implicit` lilibeba parameta, thamani na hata ubadilishaji wa aina. Ukiliona, uliza kwanza ni lipi kati ya hayo matatu.