Mswada Ukirudishwa

Barua nyingi za kukataliwa huwa na mistari miwili mitatu tu: asante kwa kutuletea mswada wako, kwa sasa hauoani na mpango wetu wa uchapishaji, tunakutakia kila la heri. Mwandishi anayeanza husoma hapo "huna kipaji". Nami nimewahi kusoma hivyo, nikakaa siku nyingi sishiki kalamu. Lakini maneno hayo hayamo kwenye barua, na nakuomba ndugu yangu usiyatie wewe.

Soko letu la vitabu linabebwa na shule. Mchapishaji wa Nairobi au Dar es Salaam akipokea riwaya, hujiuliza mapema kama itapata ithibati ya KICD, taasisi ya mitaala ya Kenya, au ya TET, Taasisi ya Elimu Tanzania, kwa kuwa shule ndizo zinazonunua kwa wingi. Riwaya ndefu ya watu wazima humtia hofu ya hasara hata kama imemliza. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilitoka 1971 ikapigwa marufuku shuleni. Leo nani atazungumzia riwaya ya Kiswahili asiitaje?

Zipo barua za aina nyingine, na hizo zitunze. Hadithi yangu fupi moja ilirudi na maandishi ya penseli pembeni, penye mazungumzo ya bibi na mjukuu: "Mbona wote wawili wanaongea kama walimu?" Iliniuma kuliko barua zote za nyuma. Nikausoma ukurasa kwa sauti. Bibi wa Tanga, amekaa jikoni anakuna nazi, anasema "kwa mujibu wa"! Nikamwandikia upya: "Haya mume wangu, wasemaje?" Alipopata sauti yake, kisa chenyewe kikageuka. Yule mtoa mawaidha akawa mwanamke mwenye siri.

Wasomaji wawili wasiojuana wakilalamikia mahali pamoja, parekebishe. Kila mmoja akisema lake, tulia kwanza. Usipopewa maoni yoyote, upitie mswada mara moja, kisha upeleke kwingine. Na usimjibu mhariri kwa hasira. Wahariri wa fasihi kwetu ni wachache, na wanahama kampuni. Utakutana naye tena.

Uchungu nao una haki yake. Mwambie mtu anayekupenda, hata kama hasomi riwaya.

Kisha zifikirie tuzo. Ile iliyoanzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell ilifungua mlango kwa miswada ambayo haijachapishwa, na Tanzania ipo Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na TET. Jaji wa tuzo hana stoo ya vitabu vya kuuza, kwa hiyo kazi iliyomtisha mchapishaji yeye anaweza kuisoma kwa jicho jingine. Ila soma masharti ya mwaka huo neno kwa neno kabla ya kutuma, hasa urefu unaotakiwa na tarehe ya mwisho, maana mswada unaweza kuwekwa kando kwa hayo kabla mtu hajafungua ukurasa wa kwanza.