Kukaa na familia ya Ayalandi
Dada, umeuliza mwanao ataishije wiki mbili na familia ya Ayalandi kwenye safari ya shule. Binti yangu alikaa Galway mwezi Juni, kwa hiyo ondoa hofu. Chai ya maziwa wanakunywa kutwa, ila maziwa hutiwa kikombeni, hayachemshwi pamoja na majani kama kwetu. Chakula cha jioni ni mapema, saa kumi na mbili hivi, na viazi havikosi. Kama hali nguruwe, waandikie wenyeji kabla hajaondoka, maana soseji na bekoni za asubuhi karibu zote ni za nguruwe.

Kilichomsumbua binti yangu ni maji ya moto. Nyumba ile ilikuwa na swichi ya hita kabatini. Unawasha, unasubiri, ukimaliza kuoga unazima. Siku ya kwanza alisahau ikawaka usiku kucha, na mama mwenye nyumba akamweleza kwa upole habari ya bili. Juni jua huzama karibu saa nne usiku, basi alale kwa kutazama saa. Plagi ni za pini tatu kama zetu. Na koti la mvua, tafadhali, hata kama ni kiangazi.