Kudai pesa zilizobaki kwa wakala wa wahudumu wa nyumbani

Ugomvi wa pesa na wakala wa wahudumu wanaouguza wagonjwa nyumbani huanza huduma inapokatika katikati ya mwezi. Mhudumu amepata kazi kwingine, au mgonjwa amelazwa tena, au amefariki. Pesa za mwezi mzima ulishatuma tarehe moja, na sasa unauliza zilizobaki zinarudi lini. Sisi tulipitia yote matatu tukimuuguza Baba hapa Nairobi baada ya kiharusi, na mimi ndiye niliyekuwa nikishughulikia ankara.

Elewa kwanza unalipia nini. Kuna wakala anayekutafutia mtu tu. Unamlipa ada yake mara moja, kisha mshahara unampa mhudumu mwenyewe kila mwezi. Hapo mwajiri ni wewe, na makato ya NSSF (akiba ya uzeeni), SHA (bima ya afya) na ada ya nyumba za bei nafuu ni juu yako kuyawasilisha. Kwa wakala wa namna hii usitarajie sana pesa kurudi. Anachoahidi huwa ni kukuletea mwingine ikiwa wa kwanza ataondoka kabla ya muda fulani. Uliza muda huo ni upi na atabadilisha mara ngapi, kisha ahadi hiyo iandikwe. Halafu kuna wakala ambaye yeye ndiye mwajiri. Unamlipa kiasi cha mwezi, anamlipa mhudumu, analeta mtu wa kushika zamu siku ya ofu, na sehemu inabaki kwake. Huyu ndiye anayeshika pesa zako kabla kazi haijafanywa, na nitakayoyasema yanamhusu yeye zaidi.

Kinacholeta maneno mengi ni hesabu ya siku. Tuseme mwezi ni shilingi 60,000, na mhudumu ameacha kuja baada ya tarehe 12, akiwa amefanya kazi siku 11 na kupumzika siku moja. Ukigawa kwa siku 30, siku moja ni 2,000. Siku 12 zimekula 24,000, unadai 36,000. Wakala akigawa kwa siku 26 za kazi, siku moja inakuwa karibu 2,308, siku 11 zinakula kama 25,400, na unabaki ukidai 34,600 hivi. Hesabu zote mbili zina hoja, na kwa tofauti hiyo mimi singegombana na mtu. Ya kuangalia ni ya tatu. Wakala anasema kwa kuwa mwezi haukuisha, atakutoza bei ya mteja wa siku moja moja, tuseme 3,500. Siku 11 zinakuwa 38,500, na unachorudishiwa kinashuka hadi 21,500.

Tuliletewa hesabu ya namna hiyo, na aliyekuwa ameacha kazi ni mhudumu, wala si sisi tuliomkataa. Bei ya siku moja moja ni haki pale mteja mwenyewe anapovunja mpango, na jambo hilo liwe limeandikwa kwenye mkataba. Wakala akishindwa kuleta mtu, hana msingi wa kumtoza mteja zaidi. Niliwaandikia hivyo hivyo, bila matusi, nikaweka hesabu yangu chini, nao wakarudi kwenye siku 26.

Kilichotusaidia zaidi ni daftari la zamu. Mawakala wengi huwa na orodha yao ya mahudhurio ambayo mhudumu huijaza na kuituma ofisini, na familia huenda isiione mpaka siku ya ubishi. Weka yako nyumbani, pale zinapokaa dawa. Kila zamu iandikwe jina, saa ya kuingia, saa ya kutoka na sahihi. Aliyekuja kushika zamu ya mwenzake aandike hivyo. Daftari hilo hilo libebe presha, sukari, saa mgonjwa alipogeuzwa kitandani ili asipate vidonda, na chakula alichokula, ili mhudumu aone ni daftari la mgonjwa na asihisi anachungwa. Kila mwisho wa wiki piga picha kurasa hizo uzitume kwa wakala kwa WhatsApp na ujumbe mfupi: "Hizi ndizo zamu za wiki hii. Kama kuna kosa, tuelezeni." Wakala aliyepokea picha hizo miezi mitatu akanyamaza atapata shida sana kuja kuzikana.

Malipo nayo yapitie njia moja. Lipa kwenye Paybill au till ya M-Pesa yenye jina la kampuni, usilipe namba ya simu ya mratibu wa wakala hata akikwambia mfumo uko chini. Kwetu dada aliye Marekani alikuwa akichangia, na kwa muda alituma moja kwa moja kwa wakala huku nasi tukituma. Ilichukua muda kubainisha nani alilipia nini. Mlipaji awe mmoja, wengine wamtumie yeye. Ukihitaji ushahidi, omba taarifa kamili ya M-Pesa kwenye barua pepe. Na usijaribu kurudisha muamala kwa kutuma ujumbe kwa 456. Njia hiyo ni ya pesa zilizotumwa kwa namba isiyo sahihi, na ugomvi wa huduma haumo.

Sikukuu za taifa, angalia tu kama mkataba unataja malipo maradufu, na kama ni kwa zamu nzima.

Mgonjwa akilazwa, wakala atasema anakushikia nafasi. Sisi tulikubali kulipa nusu Baba alipolazwa, kwa sababu mhudumu alikuwa amemzoea na bila hivyo angepelekwa kwa mgonjwa mwingine. Naona ilifaa. Lakini nusu hiyo iandikwe, na iwe na kikomo cha siku.

Baba alipofariki mwezi ulikuwa haujafika nusu. Ofisi ya wakala iliniambia, "Poleni sana kwa msiba, madam, lakini mkataba unataka notisi ya mwezi mmoja, na sisi huwa haturudishi pesa." Baadaye wakasema watatuwekea salio kwa huduma nyingine siku za mbele. Huduma ya nani? Jambo hili liliniuma, na najua familia nyingi huliacha hapo kwa sababu ya uchovu wa matanga. Msiliache. Notisi ni ya mtu anayeamua kuondoka, na kifo hakina notisi. Kabla hamjatia sahihi mkataba wowote, dai kifungu kinachosema mgonjwa akifariki huduma inaisha siku hiyo na siku zilizobaki zinarudishwa. Wakala akikataa kukiandika, tafuta mwingine. Na kazi ya kudai apewe mtu mmoja wa familia, asiwe mjane.

Barua ya madai iwe ukurasa mmoja: tarehe huduma ilipoanza na kuisha, kiasi kilicholipwa na misimbo ya M-Pesa, hesabu ya siku, kiasi unachodai, na siku ya mwisho ya kulipa. Ambatisha mkataba na kurasa za daftari. Hapo chini taja utakakoenda wasipolipa. Kenya tuna Mahakama ya Madai Madogo, chini ya sheria ya mwaka 2016. Inasikiliza madai ya pesa yasiyozidi shilingi 1,000,000, yakiwemo ya mikataba ya huduma, na inatakiwa kutoa hukumu ndani ya siku 60 tangu kesi kuwasilishwa. Unaweza kusimama mwenyewe bila wakili, na haifungwi sana na kanuni kali za ushahidi, kwa hiyo picha za daftari na jumbe za simu zina nafasi yake. Pande zote zikikubali, inaweza hata kuamua kwa hati peke yake.

Sisi hatukufika huko. Baada ya barua hiyo wakala alilipa kwa mafungu mawili, akikata siku Baba alizohudumiwa na si zaidi.

Katika haya yote usimgombeze mhudumu. Hapangi bei, na sehemu anayopata huwa ndogo kuliko unavyodhani. Wa kwetu naye alikuwa hajalipwa siku zake za mwisho, na nakala ya daftari letu ndiyo aliyokwenda nayo kudai. Mpe nakala kabla hajaondoka. Mwajiri wake ni wakala, na akizungushwa, apeleke malalamiko kwa ofisi ya leba ya kaunti akiwa na nakala hiyo mkononi.