Nyanda za Juu Ziliwapa Nini Wamaya?

SWALI: Ndugu Mhariri, katika picha nyingi za Wamaya wa kale naona mahekalu yaliyozungukwa na msitu wa tambarare. Nimesoma pia kwamba wengine waliishi milimani. Je, huko juu walipata nini ambacho tambarare haikuwa nacho?
Msomaji, Kondoa

JIBU: Walipata mawe, na kwa watu ambao hawakuwa na zana za chuma, mawe yalikuwa na thamani kubwa kuliko tunavyodhani leo.

Nyanda za juu za Wamaya, zilizoko kusini mwa Guatemala na katika jimbo la Chiapas nchini Meksiko, zimepitiwa na safu ya volkano ambazo baadhi yake bado ni hai. Majivu yake yalirutubisha mabonde, mahindi na maharage yakastawi. Lakini kilichowapa nguvu katika biashara, kwa maoni yangu, ni obsidiani, yaani kioo cheusi cha volkano. Fundi aliligandamiza donge lake kwa ncha ngumu, akabandua vipande vyembamba na virefu vyenye makali kama ya wembe. Machimbo ya El Chayal yalikuwa karibu na Kaminaljuyu, mji ambao mabaki yake yamo ndani ya Jiji la Guatemala la leo, kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi. Huko walichimba pia mifereji ya kupeleka maji ya ziwa mashambani, jambo ambalo mkulima wa Dodoma hahitaji kuelezwa umuhimu wake. Kwa kuwa obsidiani ya kila machimbo ina mchanganyiko wake wa kemikali, wataalamu hupima kisu kilichofukuliwa Tikal, mji wa Wamaya wa tambarare, mbali kule msituni, wakajua kilitoka mlima upi.

Mawe mengine ya volkano yalichongwa kuwa mawe ya kusagia mahindi. Mama wa Kigogo aliyesaga mtama kwa jiwe angeyatambua mara moja. Jedi, jiwe la kijani la bonde la Motagua, lilikuwa la wafalme, nao walizikwa nalo. Misitu ya ukungu ilitoa manyoya marefu ya ndege quetzal.

Wamaya hawakuwa na punda wala mikokoteni. Palipokosekana mto wa kupitisha mitumbwi, wapagazi walibeba mizigo mgongoni kwa mkanda uliopitishwa kwenye paji la uso. Ndiyo maana bidhaa nyepesi zenye thamani kubwa, kama obsidiani, jedi na manyoya, ndizo zilizofika mbali zaidi.